SOMO LA NYUMBANI: MKE MWENYE MIMBA SI MVIVU



Unarudi kutoka shamba ao soko, unamkuta mke mwenye mimba amelala, chakula bado. Mara moja unasema: "Huyu amekuwa mvivu." Leo tujifunze kwanza, ndipo tuhukumu.

1. Miezi 3 ya kwanza. Mwili unabadilika kwa haraka. Ndiyo sababu ya kichefuchefu, usingizi mwingi na kuchukia harufu ya chakula, hata samaki aliyempenda jana. Ale kidogo kidogo, mara nyingi. Kama hata maji hayakai tumboni, mpeleke kwa muganga.

2. Mwezi wa 4 mpaka wa 6. Nguvu zinarudi. Karibu na mwezi wa 5 anasikia mtoto akicheza. Damu yake inaongezeka karibu nusu, kwa hiyo mwili unadai madini ya chuma. Sombe, lengalenga, maharagi na samaki vinasaidia, lakini asiache vidonge anavyopewa kwenye kipimo cha mimba. Kula udongo kunaweza kuzidisha upungufu wa damu.

3. Mwezi wa 7 mpaka wa 9. Mgongo unauma, miguu inavimba, pumzi inakuwa fupi, usiku anaamka kukojoa. Bidoni ya maji na mzigo wa kuni ni vyako sasa.

4. Moyo wake. Anacheka, kisha analia bila sababu unayoiona. Anaogopa kuzaa, zaidi kama aliwahi kupoteza mtoto. Si kiburi, wala si uchawi. Kaa naye, msikilize. Huzuni ikipita wiki 2, mwambieni muuguzi.

5. Ramadhani. Akihofia afya yake ao ya mtoto, sheria imempa ruhusa ya kula. Atalipa siku zake baadaye. Usimwonee haya mbele ya majirani.

6. Alama za hatari. Kutoka damu, kichwa kuuma sana, macho kuona giza, uso na mikono kuvimba, homa, degedege, ao mtoto kuacha kucheza: mpeleke hospitali saa ile ile. Usingoje kikao cha familia. Weka akiba ya usafiri tangu leo.

Swali la kujibu nyumbani: juma hili, ni kazi gani umemwondolea? Wewe uliyesoma, msomee na yeye karatasi hii.