Kinyonga wa Madagaska: kabla hujauliza bei

Wiki hii kijana mmoja anayelima kakao kanitumia picha ya kinyonga mwekundu mwenye mistari ya buluu. Anauliza: afisa, huyu nikimfuga niuze nje, inalipa?

Huyo ni Furcifer pardalis, mwenyeji wa Madagaska, pwani ya kaskazini na mashariki. Dume hufika hata sentimita 50 ukipima pamoja na mkia. Kinachofanya atafutwe ni rangi. Dume wa kisiwa cha Nosy Be ni kijani na buluu. Nenda Ambilobe, huko huko kaskazini, unakuta wekundu wenye mistari kama yule wa picha. Majike sasa! Kila mahali wanafanana, rangi ya udongo au waridi iliyopauka.

Hapa ndipo wengi wanachanganya mambo. Dume akimwona dume mwenzake, kijani chake kinageuka manjano au chungwa ndani ya dakika chache. Hiyo ni hasira tu, akitulia anarudia rangi ya kwao. Rangi ya kwao kazaliwa nayo. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya damu ya vinyonga 324: walikuta koo 11, kila moja na eneo lake. Kwa hiyo ukinunua jike bila kujua katoka wapi, unachanganya koo gizani. Halafu yumo kwenye orodha ya pili ya CITES, kumvusha mpaka ni kwa kibali. Na hawa wetu wa hapa ni wanyamapori, si kuku. Usiwakamate kwa kutegemea soko.

Shambani je? Kule kwao haishi msituni tu. Yumo kwenye vichaka vya kando ya barabara na kwenye mashamba ya kahawa na kakao. Anakula wadudu, ila nisiwadanganye: hachagui, na nyuki anameza, wala hatamaliza viwavi wako. Ni msaidizi, si dawa. Jike hufukia mayai ardhini, nayo hukaa miezi mingi, mengine karibu mwaka. Baadhi ya vinyonga wetu nao hutaga hivyo hivyo. Ukichoma moto ua wote au ukilima hadi mpakani, umemaliza kizazi. Acha ukanda wa kichaka bila kulima, na pampu ya dawa isifike hapo.

Kijana kaniambia vibarua wake wakimwona wanampiga fimbo, eti mkosi. Nimemwambia awape kijiti: kinyonga apande mwenyewe, apelekwe kwenye ua, kazi iendelee.