MCHELE WA NYUMBANI: UKOBOLEWE KIASI GANI?

Bwana mkulima, nawe Bibi mwenye jiko, mkisha kuvuna na kuanika mpunga wenu, na magunia ya kuuza yakisha kutengwa, hubaki yale machache ya kulisha watu wa nyumbani. Hayo nayo hupelekwa mashineni pamoja na mengine, yakarudi mchele mweupe kama chumvi. Ni wachache waulizao kama ni lazima iwe hivyo. Somo la mwezi huu ni juu ya hayo magunia machache.

Tazama punje ya mpunga. Nje ina ganda gumu, yaani kapi, ambalo halifai kuliwa. Ukiliondoa hilo peke yake utapata mchele wa kahawia. Rangi ile ni ya ngozi nyembamba izungukayo punje, na penye ncha moja pana kiini kidogo ambamo mche huanzia. Mashine ikiendelea kusugua, ngozi na kiini hutoka vikawa wishwa, na kinachobaki ni mchele mweupe. Katika gunia la mpunga la kilo 100, makapi ni kama kilo 20, na mchele wa kahawia ni karibu kilo 80. Mweupe ni kilo 65 hadi 70 tu, na mashine mbovu hupunguza zaidi ikakuachia chenga tele. Basi katika kila gunia, kilo 10 au zaidi zilizokuwa chakula chako hugeuka wishwa. Je, wishwa huo huurudisha nyumbani, au humwachia mwenye mashine auze?

Jambo hili lilijulikana kwa sababu ya kuku. Karibu na mwaka 1890, huko Batavia katika kisiwa cha Java (mji huo sasa ni Jakarta), daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa akichunguza beriberi, maradhi yanayolegeza miguu na hata kuudhuru moyo. Kuku wake wakaanza kuyumba na kushindwa kusimama, kisha wakapona wenyewe. Alipouliza akaambiwa kwamba walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki hospitalini, mpaka alipokuja mpishi mpya aliyekataa kuwapa kuku wa raia mchele wa askari. Tangu siku hiyo walikula mchele usiosuguliwa, wakasimama. Kitu kilichokuwa kikitupwa pamoja na wishwa ni vitamini iitwayo thiamini, ambayo katika mchele mweupe hubaki kidogo sana. Eijkman alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1929. Yule mpishi hakupewa kitu.

Usiogope kwamba sahani ya wali mweupe itakuletea beriberi. Mtu alaye maharagwe, kunde, ndengu, nyama au mayai hupata vitamini hiyo humo. Hatari iko kwa nyumba ambayo wali ndio chakula cha mchana na cha jioni, na kando yake ni kabichi kidogo tu. Nasi twajua nyumba hizo zilivyo. Huko Mwea, ambako majaruba yalianza kutengenezwa miaka ya 1950 na mgawo wa kawaida wa mtu ukawa ekari 4 za mpunga, maharagwe hayaoti ndani ya maji. Mama aliyelelewa kwa githeri hujikuta amezungukwa na mpunga pande zote, naye hana cha kutia chunguni ila alichonunua. Kwake yeye, ile ngozi ya kahawia si jambo dogo.

Lakini mchele wa kahawia una taabu zake, na si haki kuzificha. Mchele mweupe huiva kwa dakika kama 20. Wa kahawia hutaka 40 au 50, na anayetafuta kuni ndiye ajuaye maana yake. Uloweke usiku kucha, kisha uupike kwa maji yapata vikombe viwili na nusu kwa kikombe kimoja cha mchele, mfuniko ukifunga vizuri. Hapo kuni zitapungua. Tena ngozi ile ina mafuta, nayo huchacha. Kwa hiyo weka akiba yako ikiwa mpunga, ukoboe wa majuma machache tu. Na ule wa kuuza, usibishane na mnunuzi: atakaye pishori nyeupe mpe nyeupe.

Mashineni, uliza kwanza. Zile zenye mipira miwili huondoa kapi peke yake, na mchele waweza kuuchukua hapo kabla haujasuguliwa. Zile za chuma za zamani hukoboa na kusugua kwa pamoja, wala haziwezi kukusaidia. Pasipo mashine nzuri, kinu na mchi vipo. Twanga polepole, pepeta, ukaache kutwanga makapi yakiisha kutoka. Na hata ukipenda mweupe, usiuoshe mara tano mpaka maji yawe safi kabisa, kwani ile thiamini kidogo iliyobaki humwagika nayo.

Mtoto mdogo usimlazimishe. Tumbo lake ni dogo, na chakula cha makapimakapi hulijaza upesi. Mpe wali laini uliopondwa na maharagwe au yai. Mzee mwenye ugonjwa wa sukari, huyo mchele wa kahawia humfaa, kwa kuwa haupandishi sukari haraka kama mweupe. Hata hivyo sahani yake isijazwe kilima.

Wasioupenda waanzie nusu kwa nusu: wa kahawia utangulie jikoni, na baada ya nusu saa mtie mweupe. Wishwa utakaopata kwa gunia jingine uchanganye katika chakula cha kuku ungali mpya. Ukinuka uchachu, usiwape.