Je, Tutandike Majani ya Plastiki Mbele ya Nyumba?



Mwaka jana, mwezi wa Februari, mama mmoja wa Kinangop alifika ofisini kwetu akiwa na karatasi mkononi. Tulidhani ni habari ya mbegu au ya mpaka wa shamba. Kumbe ilikuwa hesabu ya bei ya majani ya plastiki, yale yanayotandikwa chini kama zulia. Kijana wake anafanya kazi Nairobi, na huko aliyaona mbele ya nyumba ya rafiki yake, akapendezwa nayo sana. Wakwe walikuwa waje mwezi wa Aprili kuzungumza habari za mahari, naye hakutaka wakanyage matope. Alikuwa tayari kutoa nusu ya fedha. Nusu nyingine ilitakiwa itoke katika kuuza mtamba mmoja mwenye mimba.

Mama yule akatuuliza, “Nikiuza mtamba ninunue majani, majani hayo yataliwa na nani?” Sisi tulicheka. Yeye hakucheka, kwa maana alikuja kutafuta jibu la kumpelekea mwanawe, na jibu la mzaha halimtoshi kijana aliyesoma. Tangu siku ile wengine watatu wameuliza habari hiyo hiyo, na ndiyo sababu ya somo hili.

Tuanze na kitu chenyewe. Nyuzi za kijani za plastiki hushonwa juu ya kitambaa kigumu, na chini ya kitambaa hupakwa mpira au gundi ili nyuzi zisichomoke. Zulia hili lilipata sifa katika mji wa Houston, jimbo la Texas, huko Marekani. Mwaka 1965 ulifunguliwa huko uwanja mkubwa wa michezo wenye paa, ukaitwa Astrodome. Paa lile lilipitisha mwanga ili majani ya kweli yaote ndani. Lakini wachezaji walishindwa kuuona mpira kwa sababu ya mng’ao wa jua, basi paa likapakwa rangi, na majani yakafa kwa kukosa mwanga. Mwaka 1966 wakatandika ya plastiki. Hivyo zulia hili lilipata jina mahali ambapo watu wenyewe walilizuia jua. Sisi hatujalipaka jua rangi.

Kutoka viwanjani likaingia nyumbani kwa watu, na mabishano yakaanza. Wanaolitaka wana sababu zao, wala si wajinga. Katika jimbo la California maji ni haba, na kiwanja cha majani hunywa maji mengi. Mwaka 2015, wakati wa ukame, jimbo hilo lilikataza miji isiwazuie watu kutandika majani ya plastiki. Lakini mwaka 2023 sheria ikageuzwa, na miji ikarudishiwa uwezo wa kuyakataza. Nchini Uingereza chama kikubwa cha watunza bustani, Royal Horticultural Society, kiliyapiga marufuku katika maonyesho yake mwaka 2022. Hoja zao zilikuwa kwamba hayawafai nyuki, ndege wala nyungunyungu, hupata joto kali juani, na hutoa vipande vidogo vidogo vya plastiki vinavyoingia katika udongo.

Angalieni sana jambo moja katika mabishano hayo. Mtu wa California au wa London hana ng’ombe. Majani kwake ni kazi tu: kumwagilia, kukata, na kutupa yaliyokatwa. Kwa hiyo anapopima faida ya plastiki huanza na taabu anayoondolewa. Mkulima wa skimu akitumia mizani hiyo hiyo atapunjika, kwa sababu kile ambacho mwenzake anakitupa, yeye anakihitaji kwa ndama wake.

Sasa tufanye hesabu kama tulivyofundishwa shuleni. Pima mbele ya nyumba yako. Tuseme ni mita 10 kwa mita 8, yaani mita mraba 80. Uliza bei ya mita moja mraba. Bei hutofautiana sana kwa urefu na unene wa nyuzi, lakini kwa mfano wa hesabu tu tuseme ni shilingi 1,500. Mara 80, hiyo ni shilingi 120,000. Hapo bado hujalipa gari la kulileta, vumbi la mawe la kusawazisha chini, gundi, misumari na fundi. Wauzaji wengi hutaja kwamba litadumu miaka 10 au zaidi kidogo. Tukishika miaka 10, ni shilingi 1,000 kila mwezi, mwezi wa mvua na mwezi wa kiangazi, na mwisho wake unabaki na taka. Zulia hili ni gumu kutengenezwa upya kiwandani, maana nyuzi ni plastiki ya namna moja na mgongo ni kitu kingine kilichogandamana nazo. Kulichoma ni kuwapa watoto moshi mbaya. Kulizika shambani ni kumwachia mjukuu kazi ya kulifukua kwa jembe.

Wazee waliopewa mashamba katika skimu miaka ya 1960 walikuwa na mkopo wa ardhi wa kulipa, na huko Kinangop wengi waliulipa kwa maziwa na pareto. Ardhi iliyopatikana hivyo, hata ile mita nane ya mbele ya mlango, tusiifunike bila kufikiri.

Halafu kuna habari ya mvua. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja mraba ni lita moja ya maji. Basi mvua ya milimita 30 ikianguka juu ya kiwanja chetu cha mita mraba 80 ni lita 2,400, yaani mapipa 12 ya lita 200. Muuzaji atakuambia zulia lina matundu ya kupitisha maji, na ni kweli. Lakini kabla ya kulitandika fundi huondoa udongo wa juu, humwaga vumbi la mawe na kulishindilia mpaka liwe gumu. Maji yakizidi yatafuata mteremko. Ukiwa na bahati yataingia katika migomba. Usipokuwa nayo yatabomoa tuta lako au choo cha jirani. Majani yenye mizizi huyapunguza maji mwendo na kuyapa nafasi ya kuzama.

Joto nalo si hadithi. Mwaka 2002 walimu wa chuo kikuu cha Brigham Young, jimbo la Utah, walipima uwanja wa michezo wa plastiki uliomwagiwa chembe za mpira, pamoja na uwanja wa majani ya kweli. Tangu asubuhi hadi jioni juu ya plastiki wastani ulikuwa nyuzi 47 za Selsiasi, na juu ya majani nyuzi 26. Zulia la nyumbani lisilo na chembe za mpira si sawasawa na lile, na hewa ya Kinangop ni baridi. Hata hivyo jua la saa saba huku juu mnalijua, na mtoto atambaaye hana viatu.

La mwisho katika hesabu hii ni mifugo. Kuku hawaachi kunya kwa sababu zulia ni geni. Juu ya udongo kinyesi huoza kikawa mbolea, lakini juu ya plastiki lazima kioshwe, tena kwa maji yale yale tuliyoambiwa tutayaokoa. Mimi mwenyewe nilinunua kipande cha mita mbili nikakiweka barazani. Wiki ya kwanza nilikisifu. Wiki ya tatu mke wangu aliniuliza kama nimekinunua kwa ajili yetu au kwa ajili ya kuku. Tena zulia likichakaa nyuzi huchomoka, na ndama hutafuna kila kitu. Mwulizeni Bwana Mifugo naye atawaambia kwamba plastiki ikiingia katika tumbo la kwanza la ng’ombe haimeng’enywi. Ikijikusanya huziba, na ng’ombe hukonda mbele ya chakula.

Je, zulia hili halina mahali pake? Linapo. Mwenye duka sokoni akitaka kupamba kibaraza chenye saruji, mwenye nyumba ya ghorofa asiye na udongo wowote, au ukumbi unaopambwa kwa sherehe kisha zulia likakunjwa, hao siwalaumu. Hawafuniki kitu kilicho hai.

Majani gani basi tupande?

Kwa nyanda za juu zenye mvua hatuna haja ya kwenda mbali. Majani ya Kikuyu ni wenyeji wa nyanda za juu za Afrika Mashariki. Watu wa Australia, Afrika Kusini na hata California waliyachukua wakayafanya viwanja vya nyumba na malisho, na mahali pengine yamewashinda kwa nguvu zake mpaka wanayaita magugu. Sisi tunayang’oa kando ya barabara, kisha tunauliza bei ya plastiki. Kwa mahali penye joto na mvua chache, majani ya jamii ya Bermuda yatavumilia kuliko hayo.

Kazi yenyewe ni hii. Mwezi wa Februari au mwanzo wa Machi, kabla ya mvua ya masika, lima kiwanja kina cha shibiri moja na utoe mizizi yote ya thangari. Usifanye haraka hapa, maana kipande kimoja cha thangari kikibaki kitakurudisha nyuma mwaka mzima. Changanya mbolea ya ng’ombe iliyooza vizuri. Sawazisha kwa reki, na mteremko uelekee mbali na msingi wa nyumba. Mvua ikishika, kata vipande vya majani ya Kikuyu vyenye vifundo vitatu au vinne, uvifukie kwa nafasi ya shibiri moja, ncha ikibaki juu, kisha ukanyage kwa mguu udongo ushikane. Zuia kuku kwa matawi ya miiba au wavu, na ndama afungwe kwingine, mpaka majani yakutane. Kazi hiyo itachukua miezi mitatu au minne kwa mahali pa baridi. Atakayekuahidi wiki mbili anakudanganya.

Yakisimama, yakate kwa slasha mara kwa mara yakiwa machanga, ndipo ng’ombe huyapenda na kupata nguvu ndani yake. Usimpe ng’ombe majani yaliyonyunyiziwa dawa ya magugu au yaliyomwagikiwa dawa ya kupe. Na kwa kuwa majani haya hutambaa, chimba mfereji mwembamba, kina cha sepetu moja, kati yake na bustani ya sukuma wiki, uusafishe kila mwezi. Asiyechimba mfereji huo asije ofisini kulalamika!

Mahali pa kupita watu kila siku, toka lango hadi mlangoni, usipande kitu. Majani hayatastahimili miguu na matope yatarudi. Weka mawe bapa au changarawe iliyoshindiliwa, upana wa watu wawili. Ukuta wa nyumba nao uachiwe nafasi wazi ya hatua moja, panya na nyoka wasipate maficho.

Kama umekwisha kulitandika zulia, usilitupe kwa hasira. Lihamishie barazani au mahali penye saruji. Pale lilipokuwa, zoa vumbi la mawe, vunja ardhi kwa jembe la meno, rudisha udongo wa juu na mbolea, uache mvua moja ipite kabla ya kupanda.

Mama wa Kinangop alikwenda na hesabu yake, tena kijana alikuja mwenyewe siku ya Jumamosi kubishana nasi. Alisema neno moja la kweli: majani yaliyopandwa Machi hayatakuwa tayari Aprili. Tulikubali. Basi fedha alizokuwa amezitenga alinunua kwa sehemu yake lori moja la changarawe, akatengeneza njia toka barabarani hadi mlangoni. Mama na mabinti wakapanda vipande kila upande wa njia. Wakwe walipofika mvua ilikuwa ikinyesha, wakapita juu ya changarawe, na pembeni waliona udongo mweusi wenye mistari ya vichipukizi. Mzee mmoja wao aliomba vipande vya kupeleka kwake.

Mtamba alizaa mwezi wa Julai, ndama wa kike. Kufikia Agosti kiwanja kilikuwa kimefunika. Januari mwaka huu, jua lilipokaza, majani yalibadilika rangi yakawa kama nyasi za paa, na kijana alimpigia mama simu kumwambia kwamba ya plastiki yasingekauka. Mama alimjibu kwamba ni kweli, akamwuliza kama ataweza kuja mwisho wa mwezi kusaidia kusafisha ule mfereji.