Ukisafiri peke yako kwa pikipiki, uchunge mwili wako kwanza

JE, msomaji, wewe ni miongoni mwa wale wanaopenda kuipumzisha akili kwa safari ndefu ya pikipiki? Juma zima umekuwa ofisini Nairobi. Jumamosi alfajiri unajaza petroli, unapita Mlolongo na Athi River, unakata kulia kuelekea Kitengela, na punde si punde umezungukwa na nyanda za Kaputiei. Unapita Isinya na Kajiado, unafika Bissil, kisha unarudi Isinya na kushika barabara ya Kiserian huku milima ya Ngong ikiwa mbele yako. Hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 200 kwa siku moja.

Safari kama hiyo ina manufaa yake. Lakini aendaye peke yake hana wa kumwambia kwamba anayumba au macho yanamfumba. Wengi huikagua pikipiki breki, magurudumu na mafuta, wakasahau kuukagua mwili unaoiendesha. Hebu tuifuate safari hiyo kuanzia asubuhi hadi jioni, tuone mwili unapatwa na nini na wewe ufanye nini.

Baridi ya asubuhi

Watu husema Kajiado ni nchi ya jua, na ni kweli. Hata hivyo, asubuhi za Juni hadi Agosti huwa na baridi kali huko, na upepo wa mwendo huizidisha. Hewa ikiwa na nyuzi 10 za selsiasi nawe ukienda kilomita 80 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kana kwamba hewa ina nyuzi 4 hivi.

Vidole vikishikwa na ganzi, mkono huchelewa kuivuta breki. Vaa glavu, buti na koti lisilopitisha upepo, na ndani yake nguo mbili tatu nyepesi ambazo utazipunguza jua likipanda. Ukianza kutetemeka, simama upate chai ya moto. Kutetemeka ni mwili kukuambia kwamba joto lake linapungua.

Jua na maji

Kufikia saa tano, mambo hubadilika. Hapa kuna hila ambayo wengi hawaijui: upepo hukausha jasho lako mara tu linapotoka. Kwa hivyo unadhani hutoki jasho, kumbe maji yanakutoka tangu Isinya. Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kinywa kukauka, hasira za bure na kukosa makini.

Usingoje kiu. Wakati wa joto kunywa kama nusu lita ya maji kila saa, kidogo kidogo, na ubebe angalau lita tatu. Angalia mkojo wako unaposimama: ukiwa wa rangi ya manjano iliyokolea, umechelewa kunywa. Usilivue koti kwa ajili ya joto. Lifungue tu kidogo shingoni. Ngozi iliyo wazi huchomwa na jua, na ukianguka lami huichuna.

Macho nayo yana haki yake. Vumbi likiingia jichoni, usilisugue. Simama, ulioshe kwa maji safi.

Saa nane mchana

Sasa tufike mahali penye hatari kubwa zaidi. Umeshuka Kajiado, umekula nyama choma na ugali ukashiba. Saa nane unarudi barabarani. Njia imenyooka, jua ni kali, pikipiki inanguruma kwa sauti ile ile.

Mwili wa binadamu umeumbwa ukiwa na saa yake ya ndani, na kati ya saa nane na saa kumi alasiri saa hiyo huuvuta kuelekea usingizini. Chakula kizito huongeza uzito wa macho. Kama jana ulilala saa saba za usiku, deni hilo utalilipa hapa. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka wa 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hulegea karibu sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu yake.

Fanya hesabu hii. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, unapita mita 22 kila sekunde. Ukisinzia kwa sekunde tatu tu, umekwenda zaidi ya mita 60 bila dereva. Katika mita hizo huenda kundi la ng'ombe linavuka, au lori la Namanga linakuja mbele yako.

Dalili ni hizi: kupiga miayo mfululizo, kutokumbuka kilomita chache ulizopita, kuiacha pikipiki isogee pembeni, na kuona kichwa kizito. Ukiziona, usijidanganye kwa kuimba, kutafuna miraa au kufungua kioo cha helmeti. Dawa ya usingizi ni usingizi. Tafuta kituo cha petroli au mkahawa, kunywa kikombe cha kahawa, kisha lala dakika 15 hadi 20. Kahawa huanza kufanya kazi baada ya nusu saa hivi, yaani wakati unapoamka.

Ni heri pia kula kidogo mchana na kuiacha karamu hadi ufike nyumbani. Pombe usiiguse hata chupa moja. Dawa nyingi za mafua na za mwasho huleta usingizi pia. Muulize mfamasia kabla ya kuzimeza. Mwenye kisukari anayetumia insulini apime sukari kabla ya kuondoka na kila anapopumzika, na awe na kitu kitamu mfukoni. Mwenye kifafa asiendeshe hadi daktari wake amruhusu.

Kichwa, masikio na mgongo

Sheria ya Trafiki ya Kenya humtaka mwendeshaji avae helmeti na koti lenye reflekta. Usivae kwa kumwogopa polisi. Uchambuzi wa tafiti nyingi za nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka wa 2008 ulionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini ni lazima ikukae sawasawa na kamba ifungwe chini ya kidevu. Helmeti isiyofungwa hutangulia kuanguka.

Kelele ya upepo ndani ya helmeti huweza kupita desibeli 90, na kuisikia kwa saa nyingi huharibu masikio polepole. Vizibo vya sponji kutoka duka la dawa vitakusaidia, na utakuta uchovu nao umepungua.

Pumzika dakika 10 kila baada ya saa moja na nusu. Tembea, nyoosha mgongo, fungua na kufunga ngumi. Ganzi ya vidole isiyoisha baada ya siku moja au mbili mwonyeshe daktari.

Ukipatwa na ajali

Kabla ya kuondoka, mweleze mtu wa nyumbani njia utakayopita na saa utakayorudi, na umpigie kila unapofika mji. Weka katika mfuko wa koti kadi yenye jina lako, simu ya jamaa yako, magonjwa uliyo nayo na dawa zinazokudhuru. Simu iliyofungwa kwa namba ya siri haitamsaidia mchungaji atakayekukuta kandoni mwa barabara.

Ukianguka, usikurupuke kusimama. Sogeza vidole vya mikono na miguu kwanza. Jeraha linalovuja damu likandamize kwa nguvu kwa kitambaa safi, bila kuchungulia kila mara. Waombe wapitanjia wasikuvue helmeti, isipokuwa kama hupumui vizuri, kwa maana shingo iliyovunjika huweza kuharibiwa zaidi. Piga 999 au 112, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu. Kitengela na mji wa Kajiado zote zina hospitali za serikali. Hata kama ni kichwa tu kilichogongwa na unajiona mzima, nenda ukapimwe. Damu huweza kuvuja ndani ya fuvu kwa saa kadhaa bila dalili.

Mwisho, panga kuwa Kiserian kabla ya saa kumi na moja. Kufikia saa kumi na mbili na nusu jua linatua, mifugo inarudi bomani na macho yamechoka. Ukiona umechelewa, lala ulipo na uwapigie simu wa nyumbani. Barabara itakuwapo kesho, na wao wanakungoja wewe, si pikipiki.