Fedha, Ubongo na Kibubu

Mtu ambaye fedha hazikai mkononi mwake huitwa mfujaji. Hukumu hiyo si ya haki daima. Wako watu wenye hali ya upungufu wa makini, ambayo madaktari huiita kwa herufi ADHD. Daktari George Still alieleza watoto wenye dalili za namna hiyo mjini London mwaka 1902. Leo yajulikana kwamba hali hii hurithiwa kwa kiasi kikubwa, na wengi huendelea kuwa nayo utu uzimani.

Chanzo

Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayopanga, kukumbuka na kuzuia tamaa. Kwa mwenye hali hii utendaji wake hutofautiana, na kemikali iitwayo dopamini inahusika. Jambo la leo huonekana kubwa. La mwezi ujao hufifia. Hesabu anaijua, bali huponyoka saa ile inapohitajika.

Mfano

Mchuuzi wa nguo katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, amefunga siku na shilingi 60,000. Kati ya hizo, 42,000 ni mtaji na 18,000 ni faida. Lakini noti zote zimo katika mfuko mmoja. Akiona viatu vizuri hununua, na asubuhi hana fedha za mzigo. Baadaye mwenye nyumba anadai kodi ya miezi 6 kwa mkupuo: shilingi 360,000. Mtaji unakwisha, na heshima pamoja nao.

Njia za kujisaidia

Kumwonya hakutoshi. Yafaa kazi ya ubongo isaidiwe na vitu vilivyo nje ya kichwa.

1. Kutenganisha. Mtaji uwekwe katika mfuko wake kabla ya kuondoka sokoni.

2. Kulileta karibu deni la mbali. Shilingi 360,000 zikigawanywa kwa siku 180 ni 2,000 kwa siku. Kodi sasa ni kazi ya leo.

3. Kuweka kizuizi. Kibubu cha mbao kina tundu la kuingizia fedha, lakini hakina mlango. Anayezitaka sharti akivunje. Muda huo mfupi huipa akili nafasi ya kufikiri.

4. Kushirikiana. Katika upatu wa watu 10 wanaotoa 5,000 kila siku, kila mmoja hupokea 50,000 kwa zamu. Wenzake humkumbusha.

Fedha za simu, zilizoingia Tanzania mwaka 2008, zaweza kuhifadhi akiba. Lakini mkopo wa kubonyeza namba chache huondoa kizuizi hicho.

Si kila asahauye ana hali hii. Uchunguzi ni kazi ya madaktari, kama wale wa magonjwa ya akili katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, isiyo mbali na Kariakoo.

Maswali

1. Kwa nini kibubu kisicho na mlango hufaa kuliko mfuko?

2. Mchuuzi akianza kuweka kodi baada ya siku 60 kupita, aweke shilingi ngapi kila siku?

3. Je, upatu na kibubu humsaidia mtu kwa njia moja? Eleza.