Leza ya Macho: Kabla ya Kuitupa Miwani

Daktari, leza inaingia ndani ya jicho?
Hapana, ingawa wengi wanaichanganya na upasuaji wa mtoto wa jicho. Kazi yote inafanyika kwenye konea, kile kioo angavu cha mbele chenye unene wa nusu milimita hivi. Kwa asiyeona mbali, taswira inaangukia mbele ya retina badala ya kuikuta. Tunaikwangua konea katikati ili ipungue mbinuko. Mwenye astigmatizimu, konea yake imepinda upande mmoja kuliko mwingine, kama mgongo wa kijiko, basi leza inakula zaidi pale palipobinuka. Kwa namba -4, tunaondoa kiasi cha unene wa unywele mmoja.

Inauma?
Unawekewa matone ya ganzi, kope zinazuiwa kwa kibanio, unakodolea taa inayomweka. Utasikia harufu kama ya nywele zilizoungua. Usishtuke, jicho haliungui. Leza hii haichomi, inavunjavunja tishu tu. Kwa kawaida haifiki hata dakika moja kila jicho.

LASIK na PRK zinatofautianaje?
Kwenye LASIK tunafunua kifuniko chembamba cha konea, tunapiga leza chini yake, tunakirudisha. Kesho yake wengi wanaona vizuri. Kwenye PRK tunaondoa ngozi ya juu tu, nayo inaota upya. Siku tatu nne za mwanzo ni za maumivu na machozi. Bondia namshauri PRK, maana kifuniko kinaweza kuhama akipigwa ngumi.

Nina miaka 19, na namba inapanda kila mwaka.
Subiri itulie, angalau mwaka mzima. Na kama unapenda kufikicha macho kwa sababu ya mzio, nina wasiwasi zaidi. Kuna ugonjwa unaoifanya konea iwe nyembamba na kuchongoka kama pia. Dalili yake ya mwanzo mara nyingi ni hiyo hiyo astigmatizimu inayopanda. Ukimpiga leza mtu huyo, unaidhoofisha konea ambayo tayari imechoka. Ndiyo maana tunapima unene na kuchora ramani ya konea kwanza, tena baada ya wewe kuacha lenzi za machoni kwa wiki moja au zaidi. Anayekupangia tarehe bila ramani hiyo, muage uondoke.

Macho makavu?
Miezi ya mwanzo, ndiyo. Matone ya kulainisha yawe mfukoni. Usiku taa za magari zinaweza kuonekana zimezungukwa na duara.

Nina miaka 46. Nitaachana na miwani kabisa?
La. Leza hairudishi uwezo wa kusoma karibu unaopungua kuanzia miaka ya arobaini. Fundi cherehani mwenye -2, ambaye leo anavua miwani ili atunge uzi kwenye sindano, baada ya leza atalisoma bango la daladala lingali mbali. Uzi ndio utakaomshinda.