Somo la Tano: Taa Mbili za Modemu na Hesabu ya Kifurushi

Mnunuzi wa nyama sokoni Same hutazama mizani kabla ya kutoa fedha, na dereva aliyesimama kwenye kituo cha mafuta hahesabu lita zake mpaka ameona namba za pampu zikianzia sifuri. Mtumiaji wa intaneti kwa kompyuta, aliyelipia gigabaiti zake kwa fedha hiyohiyo ya jasho, kwa kawaida hatazami chochote. Kifurushi kinapokwisha kabla ya siku alizotarajia, hubaki na dhana mbili: ama kampuni imemwibia, ama kompyuta imeingia virusi. Kila moja yaweza kuwa kweli, na zote mbili zaweza kuwa uongo. Katika somo hili tunaeleza programu ndogo inayomwezesha mtumiaji kupima badala ya kudhani, na namna ya kuyatumia majibu yake pale anapolazimika kulalamika.

Modemu za zamani, zile zilizounganishwa na simu ya waya, zilikuwa kisanduku kilichokaa mezani. Modemu ya kampuni ya Hayes, iliyotolewa Marekani mwaka 1981, ilikuwa na safu ya taa usoni. Miongoni mwake, moja iliwaka kompyuta ilipotuma data na nyingine ilipopokea. Kisanduku hicho kiliungwa na kompyuta kwa njia ya poti ya mfuatano, yaani tundu linalopitisha biti moja baada ya nyingine, kama mbuzi watokao zizini mmoja mmoja. Baadaye modemu ziliingizwa ndani ya kompyuta na taa zikafichika. Hapo ndipo watunga programu walipozirudisha kwa namna nyingine: programu ndogo inayochora taa mbili kwenye pembe ya skrini, karibu na saa, na kuhesabu baiti zilizotoka na zilizoingia. Windows 95 ilikuwa na picha ya aina hiyo.

Modemu ndogo za USB tunazotumia leo zina taa pia, lakini taa hiyo kwa kawaida hueleza aina ya mtandao uliopatikana, si kiasi cha data kilichopita. Ndani yake, nyingi bado zimebeba tabia za babu yao. Kompyuta huziona kama poti ya mfuatano na kuzipa jina kama COM3 au COM7, na amri zinazoanza kwa herufi AT, zilizozaliwa na ile modemu ya mwaka 1981, bado zinazielewa. Kwa hiyo programu ya taa mbili haijapitwa na wakati.

Mkulima wa Upare anayemwagilia kwa zamu kutoka kwenye ndiva anaijua tayari kanuni ya kuzisoma taa hizi. Maji yasipofika shambani, hatukani tu. Huufuata mfereji kwenda juu, aone kama ndiva imefunguliwa, kama mfereji umeziba, au kama kuna mtu ameyachepusha njiani. Taa zikiwa zimezimika zote mbili wakati unafungua ukurasa, kompyuta haijatuma lolote: modemu imekatika, au poti yake imeshikwa na programu nyingine. Taa ya kutuma ikimeta peke yake na ya kupokea ikabaki kiza, maombi yanatoka lakini majibu hayarudi. Hapo tazama nguvu ya mawimbi, kisha salio la kifurushi. Hali ya tatu ndiyo inayogharimu fedha nyingi zaidi: umekaa kimya, hujagusa kitufe, na taa zote mbili zinameta bila kukoma. Maji yanachepushwa.

Tuchukue mfano wa mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala mjini Same. Asubuhi hununua kifurushi cha gigabaiti 1, huchomeka modemu, hupokea barua pepe mbili za wateja, na kufikia saa saba mchana amepewa ujumbe kwamba kifurushi kimekwisha. Barua pepe mbili haziwezi kula gigabaiti. Lakini mfumo wa Windows unaopakua masasisho yake waweza kuila peke yake, na hali kadhalika programu ya kuzuia virusi, au huduma ya kuhifadhi picha mtandaoni iliyowashwa na mteja na kusahauliwa. Hesabu yake ni nyepesi. Kasi ya megabiti 1 kwa sekunde ni sawa na kilobaiti 125 kwa sekunde, kwa kuwa baiti moja ni biti 8. Kwa saa moja hizo ni megabaiti 450. Hata mchirizi mdogo wa kilobaiti 20 kwa sekunde, ambao mtu hawezi kuuhisi anapotumia kompyuta, hufikia megabaiti 72 kwa saa, na kompyuta ikiachwa usiku na mchana hupita gigabaiti 1.7.

Si lazima kutafuta programu ya kigeni ili kuyaona haya. Mahali modemu inapounganishwa kwa kupiga namba, dirisha la hali ya muunganisho huonyesha baiti zilizotumwa na zilizopokelewa tangu ulipounganisha. Katika Windows 10, fungua Settings, kisha sehemu ya mtandao, utafute maneno "Data usage": utaona kila programu ilivyotumia kwa siku 30 zilizopita. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nayo Task Manager itakuonyesha ni programu gani inayotumia mtandao sasa hivi. Ukishaijua, izime, au iambie Windows kwamba muunganisho huo ni wa kulipia kwa kipimo, kwa kuwasha "Metered connection". Masasisho mengi yatasubiri.

Twende sasa milimani, ambako tatizo hubadilika sura. Milima ya Upare ya Kusini, ambayo kilele chake cha Shengena kinapita mita 2,400, husimama kama ukuta kati ya uwanda wa Same na ule wa Ndungu na Maore. Mawimbi ya simu husafiri zaidi kwa mstari ulionyooka. Yale ya masafa ya juu hayapindi vizuri kuzunguka mgongo wa mlima. Ndiyo maana nyumba mbili za kitongoji kimoja, moja ukingoni na nyingine bondeni, zaweza kulipa bei ileile na kupata huduma zisizofanana hata kidogo.

Mfikirie mhitimu wa kidato cha sita aliyeko Vudee au Suji, anayepakia vyeti vyake ili kuomba mkopo wa elimu ya juu, maombi ambayo Bodi ya Mikopo huyapokea kwa njia ya mtandao na kwa siku zilizo na mwisho. Faili zake ni megabaiti 8. Zinapofika karibu na mwisho muunganisho unakatika, naye anaanza upya. Mara tano za namna hiyo ni karibu megabaiti 40 zilizotoka kihalali kwenye kifurushi, na maombi hayajafika. Hapo hakuna wizi wala virusi, bali mawimbi hafifu. Hata bila kukatika, vipande vya data vinavyopotea njiani hutumwa tena, na kila kilichotumwa tena huhesabiwa.

Kwa mtu huyo programu inayoweza kuzungumza na poti ya modemu ina faida ya pekee. Amri ya AT+CSQ huitaka modemu itaje nguvu ya mawimbi kwa namba kuanzia 0 hadi 31. Jibu la 99 maana yake haijulikani. Chini ya 10 ni hafifu. Kila hatua moja ni desibeli 2, hivyo kuhama kutoka 8 hadi 14 ni nyongeza ya desibeli 12, yaani nguvu takriban mara 16. Nyongeza kama hiyo yaweza kupatikana kwa kuitoa modemu chini ya paa la bati na kuiweka kwenye dirisha linalotazama uwandani, kwa waya wa kurefusha wa USB usiozidi mita 5. Pima katika kila dirisha, andika namba, chagua. Tungependa kila shule ya milimani iliyo na kompyuta ilifanye zoezi hili mara moja. Linachukua nusu saa na halina gharama.

Tahadhari mbili kuhusu programu hizi. Poti ya mfuatano kwa kawaida hushikwa na programu moja tu kwa wakati mmoja. Ukifungua ya kupima wakati ile ya kuunganisha inafanya kazi kwenye poti hiyohiyo, mojawapo itakataa, nawe utadhani modemu imekufa. Pili, programu inayosikiliza poti husikia yote yapitayo humo. Usiichukue kutoka kwenye flashi ya mtu usiyemjua, wala usiiruhusu ikae kwenye kompyuta ambayo wengine huingizia nywila zao.

Kipimo chako na kile cha kampuni havitalingana hadi baiti ya mwisho, na si kila tofauti ni dhuluma. Kompyuta nyingi huhesabu gigabaiti 1 kuwa baiti 1,073,741,824, ilhali mwingine huweza kuihesabu kuwa baiti 1,000,000,000. Ndiyo maana skrini yaweza kusoma gigabaiti 0.93 pale ambapo upande wa pili unasoma 1 kamili. Kumbuka pia kwamba hesabu ya dirisha la muunganisho huanza sifuri kila unapounganisha upya, na kwamba kompyuta haijui laini ilitumia nini ilipokuwa ndani ya simu. Mwenye modemu inayogawa Wi-Fi kwa watu kadhaa asitegemee kabisa hesabu ya kompyuta yake. Asome ile ya modemu yenyewe. Lakini kompyuta ikisoma megabaiti 300 na kampuni ikasema 1,000, na laini haikutoka kwenye modemu, tofauti hiyo inahitaji maelezo.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi hulikosa. Kanuni za vifurushi zilizotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania mwaka 2021 zinawataka watoa huduma wamjulishe mtumiaji anapofikisha asilimia 75 ya kifurushi, na tena kinapofika asilimia 100. Taarifa hiyo huja kwa ujumbe mfupi, na ujumbe mfupi huenda kwenye laini. Laini imo ndani ya modemu, isiyo na kioo wala mlio. Fungua programu iliyokuja na modemu, utafute sehemu ya ujumbe. Huenda ukakuta taarifa za miezi kadhaa ambazo hazijasomwa na mtu. Usizifute, kwa kuwa ni sehemu ya ushahidi wako.

Anayetaka kulalamika na afanye kipimo cha siku moja. Anunue kifurushi kipya, aandike saa na salio, aunganishe, aandike baiti za mwanzo. Jioni aandike baiti za mwisho na salio lililobaki, na asiiondoe laini katikati. Malalamiko huanzia kwa mtoa huduma, naye aombwe namba ya kumbukumbu. Jibu lisiporidhisha, au lisipokuja, shauri hupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Kaskazini ipo Arusha. Mtumiaji anayehitaji ushauri anaweza pia kuliendea Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Barua itaje namba ya laini, tarehe, aina ya kifurushi, namba ya kumbukumbu na vipimo vyote viwili, cha kompyuta na cha kampuni. Iambatanishwe nakala ya karatasi ya vipimo, na karatasi yenyewe ibaki nyumbani.